Deni la Mtu Aliyekombolewa

Mkatekumeni anapoanza kujifunza Katekisimu hukutana upesi na neno Mkombozi. Hulikariri darasani, huliimba kanisani, hulitamka katika sala za jioni. Lakini si kila alitamkaye amepata kuupima uzito wake. Katika maisha ya kila siku, kukomboa ni kutoa mali ili kitu au mtu aliyeshikwa na mwingine apate kurudi. Mwenye kuweka shamba lake rehani hulikomboa kwa kulipa. Ukoo ambao ndugu yao ametekwa humkomboa kwa kutoa mbuzi au fedha. Basi mkombozi ni yule aliyelipa.

Hapo ndipo lizukapo swali gumu, nalo si swali la watoto. Je, mtu aliyekombolewa kwa mali ya mwingine ana deni? Na kama analo, amlipe nani, tena kwa nini? Wako wasemao: “Aliyekulipia ndiye bwana wako.” Wako wengine wasemao: “Kilichotolewa kimekwisha kutolewa, sasa kila mtu na ashike njia yake.” Maneno haya mawili husikika sana Kamituga, hasa zinapotajwa karo za shule. Ili kuyapima yafaa kutazama maisha ya mtu mmoja ambaye kwake neno kukombolewa halikuwa mfano wala fumbo, bali jambo lililompata mwilini. Mtu huyo ni Adriano Atiman, mganga wa Karema.

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 huko Tindirma, kando ya mto Niger, katika nchi iitwayo leo Mali. Alipokuwa angali mtoto aliibwa na Watuareg, watu wa jangwani. Akauzwa, akavushwa jangwa kubwa la Sahara pamoja na bidhaa nyingine za msafara, mpaka Metlili, kusini ya Algeria. Mwaka 1876 Mapadre Weupe walimnunua huko kutoka mikononi mwa wachuuzi wa watu, wakamtoa utumwani. Shirika hilo, ambalo sasa huitwa Wamisionari wa Afrika, lilikuwa limeanzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, ambaye baadaye alifanywa Kardinali.

Lavigerie alikuwa na shauri lake. Aliona kwamba wageni kutoka Ulaya walikufa upesi kwa homa katika bara la Afrika, na kwamba neno la Mungu lingeshika mizizi kama lingepelekwa na Waafrika wenyewe. Akakusudia kuwafundisha vijana waliokombolewa kazi ya uganga, ili wawe waganga na makatekista kwa wakati mmoja. Hivyo mwaka 1881 Atiman alipelekwa Malta, kisiwa kilicho katikati ya bahari ya Mediteranea, ambacho siku zile kilitawaliwa na Waingereza. Akasoma uganga katika chuo kikuu cha kisiwa kile. Fikirini: mtoto aliyevushwa jangwa kama mzigo, sasa ameketi na vitabu, akijifunza jinsi damu inavyozunguka mwilini, jinsi jeraha linavyosafishwa na kufungwa, jinsi mfupa unavyorudishwa mahali pake.

Masomo yakaisha mwaka 1888. Mwaka huo huo alianza safari ya kwenda nchi asiyoijua. Alipita Zanzibar, akaingia bara pamoja na msafara wa wamisionari, akatembea kwa miguu siku nyingi mno mpaka Karema, pwani ya mashariki ya ziwa Tanganyika. Alifika mwaka 1889. Karema ilikuwa ngome iliyojengwa na Chama cha Kimataifa cha Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji. Mwaka 1885 Mapadre Weupe walikuwa wamekabidhiwa ngome hiyo, pamoja na ile ya Mpala iliyo ng'ambo ya pili, upande wa Kongo. Atiman akaweka mzigo wake chini. Akaanza kuuguza. Akaendelea kuuguza miaka 67, mpaka alipofariki mwaka 1956.

Miaka 67 ni mingi. Alipofika, pwani ile ilikuwa ikiingia mikononi mwa Wadachi. Vita kuu ya kwanza ikawaondoa, wakaja Waingereza. Naye alifariki miaka mitano tu kabla Tanganyika haijapata uhuru wake, mwaka 1961. Watawala walipita, lakini mganga alibaki. Alimwoa Agnes Wansabira, binti wa chifu wa Wabende, wenyeji wa nchi ile, na mwana wao Yosefu alipewa daraja la upadre mwaka 1923. Hakudharau maarifa aliyoyakuta. Alijifunza kwa waganga wa huko nguvu za miti na mizizi, akaziunga na dawa alizozijua. Wahenga walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Pale Karema methali hiyo ilitimia.

Sasa turudi kwenye swali. Je, Atiman alikuwa na deni? Na kama alikuwa nalo, lilikuwa kwa nani?

Tuanze na jibu la kwanza, lisemalo kwamba aliyelipiwa ni mali ya aliyelipa. Jibu hili lina sura ya haki, kwa maana katika biashara ndivyo ilivyo: aliyetoa fedha huchukua kitu. Lakini tazameni linakofika. Kama Padre aliyemnunua Atiman amekuwa bwana wake, basi hakuna kilichotendeka Metlili ila mtumwa kubadilishiwa mmilikaji. Mtuareg alikuwa na kamba ya ngozi. Padre angekuwa na kamba ya shukrani. Tofauti ingekuwa katika kamba tu. Mtu hakuumbwa awe na bei. Pale Kamituga kila mtu anajua mizani ya dhahabu: anajua kwamba vumbi linalong'aa, lililotoka katika jiwe walilotwanga akina mama tangu asubuhi, huwekwa upande mmoja wa mizani, na upande wa pili huwekwa uzani, na baada ya hapo bei hutajwa. Mtu hana mizani ya namna hiyo. Yule mchuuzi wa Metlili aliyetaja bei ya mtoto alisema uongo, hata kama fedha aliyoipokea ilikuwa ya kweli. Na yeyote anayemfadhili mtu, kisha akasema, “Wewe ni wangu kwa kuwa nilikulipia,” anausema uongo ule ule wa mchuuzi, ingawa anausema kwa sauti ya upole.

Jibu hili la kwanza haliko mbali na vijiji. Yuko mjomba aliyemlipia mpwa wake karo kwa mapato ya shimo la dhahabu, na sasa anataka kumchagulia mke, nyumba, hata kura. Yuko mwenye shimo anayewakopesha vijana chakula na taa, akawashika kwa deni lisilokwisha, mwezi kwa mwezi, mpaka hawawezi tena kuondoka. Hao wameufanya wema kuwa mtego wa samaki: kuingia ni rahisi, kutoka hakuna.

Basi tulichukue jibu la pili, lisemalo kwamba Atiman hakuwa na deni lolote. Jibu hili lina nguvu zaidi kuliko wengi wanavyodhani, nalo halifai kupuuzwa. Mtetezi wake angesema hivi: “Mtoto huyu aliibwa. Alinyang'anywa mama, baba, lugha na kijiji. Kabla hajapewa chochote, alikwisha kunyang'anywa vyote. Waliompa uhuru walimrudishia kilichokuwa chake tangu kuzaliwa. Anayerudishiwa kilicho chake hana deni. Kama kuna mwenye deni, ni dunia yote iliyomkosea.” Katika kanuni ya haki maneno haya ni ya kweli. Wezi wa watoto walikuwa na deni kwa Atiman, na deni hilo halikulipwa kamwe.

Tena mtetezi huyo angeweza kuongeza: “Ni nani aliyechagua uganga? Ni nani aliyechagua Karema? Je, ni Atiman, au ni Lavigerie?” Hapa pia yapasa kukiri ukweli. Mtoto aliyelelewa misioni hakuketi na kuchagua kazi kama mtu achaguavyo kitambaa sokoni. Shauri lilikuwa la Kardinali, na safari ilipangwa na wakubwa. Lakini lipo jambo ambalo amri haiwezi kulifanya. Amri yaweza kumfikisha mtu Karema. Yaweza hata kumweka huko mwaka mmoja au miwili. Lakini amri haimwamshi mtu usiku wa mvua kwenda kwa mgonjwa asiyeweza kulipa, katika mwaka wa kumi, na wa thelathini, na wa sitini. Lavigerie mwenyewe alifariki mwaka 1892, miaka mitatu tu baada ya Atiman kufika ziwani. Mkono ulioamuru ulikwisha kuzikwa. Kazi iliendelea miaka mingine 64. Hapo hatuwezi tena kusema kwamba ni shauri la mwingine. Mtu alikuwa amelipokea shauri lile, akalifanya lake.

Kwa hiyo, je, tuseme nini? Jibu la kwanza linamrudisha mtu utumwani. Jibu la pili linasema kweli kuhusu haki, lakini linamwacha mtu peke yake na haki yake mkononi, asiwe na la kufanya nayo. Yapasa kutafuta njia ya tatu, na maisha ya Atiman yenyewe yaionyesha.

Tazameni nchi aliyoikuta. Mwaka 1889 biashara ya watumwa ilikuwa ingali hai pande zote mbili za ziwa. Misafara ilichoma vijiji, ikachukua wanawake na watoto. Upande wa Kongo, huko Mpala na kando yake, Kapiteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa zamani askari wa Papa, alishika bunduki pamoja na watu wa nchi ili kuvilinda vijiji dhidi ya wanyang'anyi hao. Watoto waliokimbilia misioni, au waliokombolewa na mapadre, walikuwa na jeraha lile lile la Atiman. Alipoinama kumfunga mtoto kitambaa kifundoni, mahali kamba ilipochubua ngozi, alikuwa akitazama yaliyompata yeye. Hakuwa akimlipa Padre wa Metlili. Wala hakuwa akisema kwamba hana deni. Alichokipokea kutoka nyuma alikipeleka mbele.

Hilo ndilo jibu la tatu: deni la wema halilipwi kwa kurudi nyuma, hulipwa kwa kwenda mbele. Wahenga walisema, “Dawa ya deni ni kulipa”. Walisema kweli, lakini si kila deni hulipwa kwa yule yule aliyetoa. Mtoto hawezi kumrudishia mama yake maziwa aliyonyonya. Atawanyonyesha au kuwalisha watoto wake. Mwanafunzi hawezi kumrudishia mwalimu kusoma na kuandika, atamfundisha mwingine. Deni la namna hii halimfungi mtu kwa mfadhili wake, kwa hiyo si utumwa. Wala halimwachi mtu akae peke yake, kwa hiyo si ubinafsi. Bwana wetu Yezu Kristu, aliposimulia habari za Msamaria aliyemkuta mtu amepigwa njiani, hakusema kamwe kwamba majeruhi alipopona alirudi kumlipa Msamaria gharama za nyumba ya wageni. Alimwambia msikilizaji aende naye akatende vivyo hivyo.

Lakini jibu hili lina hatari yake, nayo yapasa kutajwa, wasije wakalitumia watu wadhalimu. Mtu aweza kusema: “Vema! Walioonewa na wawe watumishi wa wengine, na waonevu waendelee na kazi yao.” Sivyo. Kumbukeni kwamba kila fedha iliyolipwa kumkomboa mtoto mmoja iliingia mkononi mwa mchuuzi, naye aliweza kuitumia kununua mwingine. Kukomboa mmoja mmoja ni tendo jema, lakini haliukaushi mto wenyewe. Ndiyo sababu mwaka 1888, mwaka ule ule Atiman alipoanza safari yake, Kardinali Lavigerie alizunguka Ulaya, Paris, London na Brussels, akihubiri mbele ya watu wengi kwamba biashara ya watumwa yenyewe lazima ikomeshwe. Wema hautoi ruhusa ya kuiacha dhulma isimame. Mganga hufunga jeraha. Lakini mji wote una wajibu wa kuuliza ni nani aliyejeruhi. Vivyo hivyo Kamituga: kumpa dawa mama anayekohoa kwa vumbi la mawe anayotwanga ni jambo jema. Kuuliza kwa nini apumue vumbi lile siku zote kwa malipo madogo namna ile ni jambo la lazima.

Yasidhaniwe kwamba habari hizi ni za zamani tu. Mkoa wa Kivu ya Kusini unaye shahidi wake wa siku hizi. Denis Mukwege alizaliwa Bukavu mwaka 1955, mwana wa mchungaji wa Kiprotestanti. Alisoma uganga Burundi, akafanya kazi katika hospitali ya Lemera, akaona jinsi akina mama walivyokufa au kuumia katika uzazi, akaenda Angers, Ufaransa, kujifunza upasuaji na uganga wa wanawake. Angaliweza kukaa huko. Alirudi. Mwaka 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, ambako maelfu ya wanawake walioharibiwa miili yao kwa ukatili wa vita wametibiwa. Oktoba 2012 watu wenye silaha waliingia nyumbani kwake wakataka kumwua. Akaponyoka, akaenda ng'ambo na jamaa yake. Hapo likatukia jambo la kushangaza. Wanawake maskini, wengi wao wa kisiwa cha Idjwi, wakaanza kuuza mananasi na vitunguu ili wapate fedha za kumlipia tikiti ya ndege arudi. Januari 2013 alirudi. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani pamoja na Nadia Murad wa Iraki.

Ilinganisheni fedha ya mananasi na fedha ya mchuuzi wa Metlili. Mchuuzi alitaka fedha ili mtu awe kitu. Wanawake wa Idjwi walitoa fedha, nao hawakumfanya mganga wao mtumwa. Walimwambia kwa fedha ile kwamba yeye ni wao nao ni wake. Angalikataa kurudi, hakuna sheria ambayo ingalimshika. Alirudi kwa hiari, na kwa kuwa alirudi kwa hiari, kurudi kwake kulikuwa malipo ya kweli.

Na Kamituga yenyewe imeonja jambo hili. Septemba 2023 ulizuka huko ugonjwa wa mpoksi, ambao zamani uliitwa ndui ya nyani, katika sura mpya ambayo wataalamu hawakuwa wameijua. Ukaenea hata nchi za jirani, mpaka Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likautangaza kuwa hatari kwa mataifa yote. Kabla dunia haijajua jina la Kamituga, wauguzi wa hospitali yake walikuwa wamekwisha kuwainamia wagonjwa wenye vidonda mwili mzima. Kila muuguzi alikuwa amesomeshwa na mtu fulani: baba aliyechimba, mama aliyetwanga mawe, dada aliyeacha shule ili kaka asome. Siku zile, deni la watu hao wote lililipwa kwa wagonjwa ambao hawakutoa hata faranga moja ya karo.

Basi, ninyi mnaojitayarisha kwa Ubatizo, mtakapolitamka tena neno Mkombozi, kumbukeni yaliyosemwa hapa. Bwana Yezu amewalipia. Hakulipa ili awafanye watumwa wake. Aliwaita wanafunzi wake rafiki. Wala hakulipa ili mchukue uhuru wenu mkaufunge ndani ya nyumba zenu. Hakuna awezaye kumrudishia Mungu bei ya msalaba, naye hataki irudishwe kwake. Wako wagonjwa, wako yatima, wako watoto waliofukuzwa shule kwa kukosa karo, wako vijana waliokamatwa na madeni ya mashimo. Hao ndio mahali pa kulipia.

Na yafaa kila mmoja, kabla ya kulala usiku huu, ajiulize maswali matatu. La kwanza: Ni nani waliotoa jasho lao ili mimi nifike hapa nilipo? La pili: Je, yuko mtu ambaye nimemtendea wema, kisha nikamfunga kwa wema huo? Kama yuko, nimfungue kesho asubuhi. La tatu: Nilichopokea bure, ni nani anayekingoja kutoka kwangu? Jibu la swali hili la mwisho halimo katika Katekisimu. Liko mlangoni pa jirani, na kila mkatekumeni analijua jina lake.